Kufuli Juu ya Biblia

Kaka alikuja kwenye kikao cha familia na vitu viwili: Biblia na kufuli jipya. Alivipandanisha mezani, kufuli juu, na Maranda akajua mara moja ni la mlango gani.

Maranda ni jina alilopewa na wateja, kwa kuwa hakukosa maranda, yale mabaki ya mbao iliyopigwa randa, kichwani. Baba alimzaa nje ya ndoa, na mama yake alikuwa mtumishi katika nyumba hii kabla ya kurudi kwao. Mama huyo alipofariki, baba alimleta mtoto hapa, akamfundisha useremala, na mbele ya wote akaahidi kwamba karakana itakuwa yake. Sasa baba amezikwa, na kaka, ambaye hajapata kugusa randa ila kuisogeza apate pa kukaa, alitaka mlango ufungwe kesho asubuhi.

"Mimi sina neno na wewe, dada," alisema kwa ile sauti yake ya mzee wa kanisa. "Ni Maandiko."

Akasoma barua ya Paulo, pale panapoagiza mjakazi afukuzwe na mwanawe, maana hatarithi. Akafunga kitabu.

Maneno yale yalimchoma Maranda hadi kwenye mfupa. Machozi yalikuwa karibu, akayakatalia.

"Mbona umefunga mapema? Paulo mwenyewe anasema ni mfano. Rudi juu kidogo."

"Juu kuna nini?"

"Kuna wanawake wawili. Hajiri, yule mjakazi, ni sheria, anazaa watumwa. Sara, mke wa ndoa, ni ahadi, anazaa watu huru. Mtoto wa Hajiri alizaliwa kwa nguvu za mwili, wa Sara akaja kwa neno la Mungu tu. Sasa niambie, kaka. Wewe karakana unaidai kwa lipi?"

"Kwa damu. Na kwa sheria."

"Na mimi?"

Kaka akatazama dari. Aliyejibu ni Mama, mjane wa baba na mzazi wa kaka.

"Kwa ahadi. Nilikuwepo ikitolewa. Na mimi ndiye niliyemtuma baba yenu akamlete huyu mtoto, kwa hiyo usinifanye Sara wa kufukuza watu."

"Lakini Mama, sheria inasema..."

"Ahadi ni deni, mwanangu."

Kaka akachukua kufuli lake, akatoka bila kuaga.

Asubuhi Maranda alimkuta mlangoni pa karakana, kufuli mkononi, amevaa viatu vya ibada siku ya kazi. Macho yalikuwa mekundu. Mlango ulikuwa haujatiwa kufuli.

"Nimesoma sura nzima," alisema. "Kwa hesabu yako, mtoto wa mjakazi ni mimi. Haya, nifukuze."

Maranda alimpita, akaufungua mlango wote. Hakuwa tayari kuinamisha kichwa tena, na wala hakuwa na hamu ya kumwinamisha yeye.

"Kinachofukuzwa ni utumwa, kaka, si mtu. Karakana ni yangu, hilo tumemaliza. Lakini wewe ni mtoto wa baba. Nina ubao hapa, mrefu, unanishinda peke yangu. Ukitaka, weka kando hilo kufuli, ushike upande ule."

Kaka aliuangalia ubao kana kwamba utamng'ata. Kisha akaliweka kufuli dirishani, akaingia na viatu vyake vya ibada, maranda yakimfika kwenye vifundo.

"Nashikaje?" aliuliza.