Sauti ya Bi Kuramae

Filamu ilipoletwa kuonyeshwa katika ukumbi mmoja wa Mbinga, Kunigunda alipanda kutoka Ngumbo, kijijini kwake kando ya ziwa, tangu alfajiri, akapata kiti mstari wa mbele. Miaka miwili alikuwa akiingojea siku hiyo, watu wasikie sauti yake.

Mwigizaji mkuu alikuwa Mjapani, Shizuno Kuramae. Habari zake alizisimulia mkalimani Clemence, siku walipokuja ziwani kupiga picha. Bi Kuramae alianza kuimba kwenye televisheni ya kwao akiwa na miaka tisa. Akaigiza, akasifiwa, sura yake ikabandikwa ubavuni mwa mabasi. Kisha akapasuliwa koo. Tangu hapo akisema ni kama mtu anakwangua sufuria, na simu za kumwita kazini zikakoma. Filamu hii ilikuwa nafasi yake ya mwisho, na ndani yake alitakiwa aimbe.

"Sasa ataimbaje?" Kunigunda aliuliza.

"Utamwimbia wewe, mama. Yeye atachezesha mdomo."

Aliimba asubuhi tatu, kando ya vichanja vya kuanikia dagaa. Wimbo aliutunga mwenyewe, mwaka aliomzika binti yake, Dorah. Bi Kuramae alikaa mbele yake, akiifuata midomo yake kama mtoto anayefundishwa sala. Walipomaliza, alimshika mikono yote miwili, akainama mpaka Kunigunda akaona haya.

Clemence akatoa karatasi. "Kwenye filamu, kwa wimbo huu, tuandike jina la nani?"

Kunigunda alikuwa mwanakwaya, na kwaya ya kigango chao, kanisa dogo la kijijini, haikuwa na desturi ya kumtaja mwimbaji mmoja. Hata redioni lilisomwa jina la kwaya tu, na aliyejitanguliza alisemwa. Mwalimu wa kwaya, Emilian, alikuwa amesimama palepale.

"Andika kwaya," Kunigunda akasema. Emilian akaitikia kwa kichwa.

Sasa, ukumbini, Bi Kuramae alikuwa ndani ya mtumbwi, machozi yanamtoka, na sauti ya Kunigunda inatoka kinywani mwake. Hakuna aliyekohoa.

Taa zilipowashwa, Clemence alisimama kutangaza: Bi Kuramae amepewa tuzo kwao kwa wimbo ule. Magazeti yanaandika kwamba sauti yake imerudi. Sasa ana kazi za miaka mitatu mbele. Kisha akamwita Emilian, aliyeketi karibu na Kunigunda, aseme neno.

Kunigunda akamvuta shati. "Mwalimu, waambie."

"Mama Dorah," Emilian akajibu polepole, "kwaya ni moja."

Akaenda mbele, akasema kwaya yao inajivunia kumfundisha mgeni wimbo. Akapigiwa makofi.

Nje, mkulima mmoja wa kahawa kutoka Mpepai, aliyeitwa Luisa, alikuwa bado anafuta macho. "Mjapani kaimba yule! Mpaka moyo unauma."

"Nimeimba mimi," Kunigunda akasema.

"Wewe?" Luisa akacheka. "Na mimi ndiye niliyekuwa kwenye mtumbwi!"

Kunigunda akauanza wimbo, palepale mlangoni, mpaka ubeti wa pili. Watu waliokuwa wakitoka wakasimama.

"Jamani! Huyu mama anamwiga, huwezi kuwatofautisha!" Luisa akatoa simu. "Hebu rudia, dada yangu, nikurekodi. Watoto nyumbani watacheka mpaka basi."

Kunigunda akaitazama ile simu.

"Naitwa Kunigunda," akasema. "Kunigunda, mama yake Dorah, wa Ngumbo. Wimbo ni wangu."

"Sawa, mama, sawa," Luisa akasema, simu bado iko juu. "Imba basi."