Nguo ya Mama Spéciose Imeonekana Bwiza

Mimi sitamtetea fundi Zénon. Mkono alikuwa nao, hilo halina ubishi. Mtaa mzima wa Bwiza ulijua kwamba nguo ikishapita kwenye cherehani yake inakukaa mwilini sawasawa. Lakini mdomo wake, Mungu anisamehe! Wanawake wenye heshima zao, walimu, wake za watu, walikuwa wakikaa kwenye benchi lake la mbao wakifokewa kama watoto waliomwaga maziwa, na wote kimya. Watafanyaje? Kwenye sherehe kubwa mwanamke anataka imvutano, lile vazi pana la kufunga fundo begani, na kwa imvutano hapakuwa na fundi kama Zénon. Ukilalamika anakurudishia kitambaa chako kama ulivyokileta. Basi hakuna aliyelalamika.

Amandine alifika pale Jumatatu moja, majuma matatu kabla ya kuondoa kilio cha mama yake. Mwaka ulikuwa umetimia tangu Mama Spéciose azikwe. Siku hiyo ya kuondoa kilio ukoo unakusanyika, watu wanakunywa, wanasema ya kusema, na huzuni inafungwa mbele ya wote. Amandine, mtoto wa kwanza, ndiye aliyetakiwa kusimama akiwa amevaa imvutano ya marehemu, ya zambarau, yenye pindo la dhahabu. Mama alikuwa mrefu, yeye mfupi. Ilikuwa ni kupandisha pindo tu, kazi ya saa moja.

Nguo yenyewe ilikuwa na alama. Pembeni mwa pindo pasi iliwahi kuiunguza, na mama akaishona kwa uzi wa kijani kwa sababu wa zambarau ulikuwa umekwisha, naye hakuwa mtu wa kungoja kesho. Na juu, pale penye fundo la begani, kitambaa kilikuwa bado na harufu yake: mafuta ya mgando, moshi wa makaa, na zile karafuu alizopenda kutafuna. Amandine aliifungia ndani ya mfuko wa plastiki kabatini mwaka mzima, akaufungua mara nne tu, ili harufu isiishe. Hakuwa peke yake kuitaka. Mama mdogo Bibiane wa Ruziba, mdogo wake marehemu, ambaye macho yalikuwa yameshaingia ukungu, alipiga simu mara tatu, na hakuuliza habari ya vinywaji wala ya wageni. Aliulizia nguo. Alisema picha haziwezi kumsaidia tena, ila pua anayo, na anataka kumnusa dada yake mara ya mwisho.

Kwa hiyo Amandine alimwomba fundi jambo moja tu: asiifue.

"We mama, unanifundisha kazi?" alisema Zénon, bila hata kumtazama. "Weka pale. Uje Jumatano."

Akaiweka pale. Akasema asante. Ndiyo, asante! Mimi ningekuwa na hasira, lakini Amandine ndivyo alivyolelewa, na aliyemlea hivyo ni mama yake mwenyewe. Mtoto wa kike mwenye kinywa kirefu, mama alikuwa akisema, hatafika mbali; meza mate, mvumilivu hula mbivu. Amandine alimeza mate miaka thelathini na minane. Sokoni alimeza, kazini kwenye ofisi ya serikali ya komini alimeza, na siku moja akameza pasipotakiwa.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne, mchana, mama amebanwa na kifua. Walifika farmasi na karatasi ya daktari mkononi. Mwanamume wa kaunta akawaambia wakae pale kwenye benchi, yeye si mashine. Wakakaa. Mama akaegemeza kichwa kwenye bega la kushoto la Amandine. Waliokuja nyuma yao wakahudumiwa, mmoja, wawili, watano, na wengine wakaondoka na vicheko vyao. Ilipita saa nzima na robo. Ndipo yule yule aliyemfundisha kunyamaza akasema kwa sauti ndogo sana: "Amandine, sema." Naye akajibu: "Tutulie, mama. Watatuita."

Hawakuitwa. Jioni ile ile mama alikata roho hospitalini, na daktari akasema labda dawa isingesaidia kitu. Neno "labda" ni neno baya, heri angesema hapana. Amandine hakumwambia mtu yeyote habari ya farmasi, hata ndugu zake. Waliambiwa mama ameondoka kwa amani, wakaamini. Ila tangu siku hiyo bega la kushoto likawa zito. Akikaa kanisani lilikuwa zito. Akikaa kwenye benchi lolote la kungojea, alijikuta amesogea pembeni, ameacha nafasi ya mtu wa pili.

Jumatano alirudi kwa fundi. Nguo haiko tayari, uje wiki nyingine. Alikaa kidogo kwenye benchi, akaacha ile nafasi upande wa kushoto, kisha akainuka akaenda zake.

Jumamosi, saa kumi, alikuwa anapita avenyu moja ya Bwiza kununua mkaa. Mbele yake, katikati ya watu, akamwona mama yake. Simaanishi mtu anayefanana naye. Aliona mgongo ule mrefu, zambarau ile, pindo la dhahabu likigusa visigino, na fundo kwenye bega la kushoto. Akaanza kufuata, akipita kwenye moshi wa mishikaki, akikanyaga watu miguu bila kuomba radhi, yeye ambaye huomba radhi hata kwa mbuzi. Yule mwanamke hakugeuka hata mara moja. Alifika kwenye kona, taksi ikafunguliwa mlango, zambarau ikaingia, ikaondoka.

Amandine alisimama pale mpaka muuza mkaa akamuuliza kama anaumwa. Alisema hapana. Alijua alichokiona: mama amekuja kudai neno lake. Mwaka unakwisha, kilio kinaondolewa, na binti bado hajasema. Nani angemwambia vinginevyo? Wiki ile hakula vizuri, na kila mtu aliyemwita kazini kwa nyuma alimfanya aruke.

Jumatano ya pili akarudi kwa Zénon, akiwa anaogopa hata kuiona ile nguo. Fundi alikuwa na pini mdomoni. Alimwambia mbele ya wanawake wanne kwamba watu wenye haraka wakajishonee wenyewe, na kwamba maiti haina sherehe, ingoje mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Wanawake wakaangalia chini. Mmoja wao, Yasmina, mke wa makanika wa jirani, alisonya polepole, basi. Amandine alimeza mate. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wahenga hawakukosea, lakini yeye tumbo lilikuwa limeshazoea.

Jumamosi iliyofuata alialikwa Kinanira, mahari ya binti wa mwenzake wa kazini. Alikuwa ameketi safu ya tatu, Fanta mkononi, wazee wa pande mbili wakitupiana maneno ya heshima. Halafu mama akaingia.

Alikuja moja kwa moja, zambarau na dhahabu, akaketi safu ya pili, mbele yake kabisa. Amandine alitazama chini, kwa sababu kuinua macho hakuweza, na kule chini, pembeni mwa pindo, akaona uzi wa kijani.

Mzimu haukodi taksi, jamani, na mzimu hauvai viatu vyekundu vya plastiki. Amandine aliinua macho, akamwona mwanamke mnene amegeukia pembeni, mwenye uso mzuri wa kucheka, shangazi wa bibi harusi, ambaye hajawahi kumwona maishani. Shangazi alikuwa akimwambia jirani yake kwamba nguo si yake, amekodi kwa fundi mmoja wa Bwiza ambaye wikiendi hukodisha imvutano nzuri nzuri kwa siri, sharti uzirudishe Jumapili. Alisema hivyo bila ubaya wowote, akacheka, na kwenye kucheka chupa yake ikamwagika. Fanta ya chungwa ikaingia kwenye fundo la begani, pale pale.

Sasa hapo ndipo ninapotaka kulia. Neno lilikuwa kwenye ulimi. Mama, samahani, hiyo ni ya marehemu mama yangu. Ni maneno machache tu, hayahitaji hata sauti kubwa. Lakini je, utaaibisha mtu kwenye mahari ya watu? Utavunja maneno ya wazee? Amandine alifunga mdomo, bega likiwa zito hata akashindwa kunywa. Akarudi nyumbani. Jumapili akanyamaza, Jumatatu akanyamaza, akawa anajipanga, anajiambia Ijumaa ndiyo siku aliyopewa, atasema Ijumaa.

Ijumaa alifika saa tatu asubuhi. Kilio kingeondolewa kesho yake. Benchi lilikuwa limejaa, akapewa nafasi ya mwisho, akakaa pembeni kama kawaida yake. Zénon hakumsalimu. Wawili waliokuja nyuma yake wakahudumiwa. Saa ya ukutani ikaenda, na Amandine akaitazama, nayo ilipofika saa nne na robo uzito wa kichwa ukamshukia begani, kichwa kamili, na pumzi yake fupi fupi. Akasikia neno lile moja. Mimi siwezi kukuambia lilitoka wapi. Alilisikia.

Akapiga moyo konde, akasimama.

"Fundi Zénon," alisema, "nguo ya mama yangu Jumamosi ilikuwa Kinanira. Ilimwagikiwa Fanta begani. Mi nilikuwa nimekaa nyuma yake."

Cherehani ikasimama. Zénon alimwambia asimpigie kelele kwenye nyumba yake ya kazi.

"Apana, sikupigii kelele," alisema Amandine, na kweli sauti yake ilikuwa ya chini kuliko ya mtu anayesali. "Nasema. Wiki iliyotangulia ilipita hapa Bwiza. Umeikodisha mara mbili, na mimi umeniweka kwenye benchi. Nipe nguo yangu."

Yasmina akainuka akasema kwamba basi na yeye aletewe yake, aione, maana mwezi uliopita alirudishiwa nguo yenye harufu ya bia na akamgombeza mume wake bure. Mwingine akasema yake ililegea kiunoni. Wote wakawa wima. Zénon akawatazama mmoja mmoja, akaweka mkasi chini. Akaenda nyuma ya pazia, akarudi na zambarau imekunjwa vizuri, pindo limepandishwa, kazi safi, sitasema uongo.

"Na nimekufulia," alisema, sauti imeshuka. "Juzi Jumatano. Bure."

Amandine aliipokea kwa mikono miwili. Aliiinua pale penye fundo, akaweka pua. Sabuni ya unga. Akaigeuza, akatafuta upande wa ndani, kwenye mshono, kwenye uzi wa kijani. Sabuni. Aliinusa kila mahali, wanawake wakimtazama, mpaka Yasmina akamshika mkono. Juzi Jumatano. Angesema Jumapili angeikuta na Fanta, na moshi, na karafuu. Hakulia pale. Aliikunja, akatoka.

Kesho yake watu walijaa uani. Wajomba walisema maneno mazuri, wakasema Spéciose aliondoka kwa amani. Amandine alisimama katika imvutano ya zambarau, fundo kwenye bega la kushoto, watu wakasema ni mama yake mtupu. Kisha mama mdogo Bibiane akaletwa mbele akiongozwa na fimbo yake. Alipapasa mikono ya Amandine, akapapasa mabega, akalipata fundo. Akaweka uso wake pale, kichwa chote, kwa uzito wote, mahali pale pale. Akavuta pumzi, akavuta tena.

Alikaa hivyo muda mrefu. Alipoinua uso, ulikuwa umechanganyikiwa kama wa mtu aliyegonga mlango aliouzoea akafunguliwa na mgeni.

"Mwanangu," alisema, "dada yangu hayumo humu."

Wajomba wakaanza kusema tufanye haraka, vinywaji vinapata moto. Amandine alimshika bibi yule mikono yote miwili.

"Hayumo, mama mdogo. Mi ndiye nilimpoteza, mara mbili, kwa kunyamaza. Na hakuondoka kwa amani. Tulikuwa farmasi, tumekaa kwenye benchi."

Mtu mmoja alinong'ona kwamba si mahali pake, maneno hayo yasubiri. Bibiane akarudisha kichwa chake kwenye bega la kushoto, akakiacha pale.

"Endelea," alisema.