Simu ya Kiplimo Itangulie

Mzee Kipkoech alifariki Jumatatu asubuhi, ameketi kizingitini, gambuti moja mguuni na nyingine mkononi. Kufikia jioni wazee walikuwa wamekata shauri: angezikwa Alhamisi, nyuma ya nyumba, karibu na shamba lake la chai. Kiplimo, mwanawe wa kwanza, alikuwa kazini Qatar na hakupewa ruhusa. Akamwomba dada yake Rebeccah jambo moja tu: amwonyeshe kwa simu baba yao akishushwa kaburini.

Alhamisi asubuhi Rebeccah alipojaribu, uso wa Kiplimo uliganda na sauti ikakatika. Waombolezaji walikuwa wamejaa uani, na kila aliyeomba nywila ya Wi-Fi alikuwa amepewa. Sasa wote walikuwa wakituma picha za msiba.

"Tubadilishe nywila," Rebeccah akasema.

Mama yake, Janefer, akamkazia macho. "Mtu ametoka Bomet kuja kumlilia mume wangu, nimnyime hata hiyo? Hapana, mwanangu."

Basi akaitwa Phelix, fundi wa kompyuta wa kiwanda cha chai, aliyekuwa amekuja kuomboleza kama wengine. Akafungua laptopu mapajani, akaingia kwenye ruta, kifaa kinachogawa Wi-Fi ya nyumba.

"Nyinyi Wakipsigis mna haraka sana," akanung'unika. "Kwetu Waluo, kule ziwani, huyu mzee angengoja wiki mbili, na Kiplimo angefika hata kwa miguu."

"Na wewe ungetumalizia ng'ombe," Rebeccah akamjibu. "Fanya kazi, jirani."

Phelix akaipa simu ya Rebeccah nafasi ya kwanza. Wakajaribu. Kiplimo akaganda tena.

"Kumbe foleni iko nje, kwa kampuni ya intaneti. Huko ruta yetu haina amri." Phelix akapunguza kidogo kasi ya kutuma ya nyumba nzima, ili picha zote zisubiri ndani ya ruta na simu ya Rebeccah ipite mbele. "Hakuna aliyefukuzwa. Watangoja kidogo tu."

Kiplimo akatokea, safi. "Dada, naona mpaka matope kwenye viatu vya pasta."

Moyo wa Rebeccah ukatua.

Saa saba jeneza likashushwa. "Mtilie baba udongo wangu," Kiplimo akasema, na sauti yake ikafika nzima, hata Janefer akaisikia. Rebeccah akainama, akachota udongo, akautia kwa niaba ya kaka yake. Kisha akachota wake.

Wageni walishaondoka, na Phelix hajabadilisha kitu kwenye ile ruta: simu ya Rebeccah bado hutangulia. Jumapili baada ya ibada Kiplimo huipigia simu hiyo, na mama yake humweleza habari za ng'ombe.