Chekeche kwenye Lango la Esna

Kufikia saa ya chai ya alasiri, Shadhili wa pili alikuwa ameshapata kiwiliwili, miguu na suruali ya sare. Alichokosa ni kichwa.

"Mpe taulo la mkono," alishauri Khalafu, baharia wa mlango wa chini, ambaye alisimama kwenye stoo ya mashuka akitafuna mbegu za maboga. "Kichwa chako chenyewe si kikubwa hivyo."

"Kichwa changu kina mambo."

"Kina mambo ndiyo. Mkeo amejifungua huko, wewe uko hapa unaivalisha mito suruali."

Shadhili aliliviringisha taulo likawa duara, akalipachika juu ya kola na kulifunika kwa kofia ya kazi. Kisha wakamsukuma yule mtu hadi kwenye korido, wakamwinamisha juu ya toroli la mashuka kama mtumishi anayetafuta sabuni. Shadhili alirudi hatua moja nyuma kuitazama kazi yake. Kwa mbali, alikiri moyoni, huyu wa mataulo alionekana mchapakazi kumzidi mwenyewe.

Kwenye meli ya Malkia wa Tiba, yaani Luxor ya kale, meli iliyopanda na kushuka Naili kati ya Luxor na Aswan ikiwapeleka wageni kwenye mahekalu, kazi ya Shadhili ilikuwa kutandika vitanda. Umaarufu wake, hata hivyo, ulitokana na mataulo. Mgeni akirudi chumbani, miguu imevimba kwa kutembea miongoni mwa wafalme waliokufa, alikuta mamba kitandani, au bata maji wawili wakibusiana, au nyani ananing'inia darini. Siku alizoamka vibaya, Shadhili alichukua pajama za mgeni mwenyewe, akazijaza mito, akaiketisha maiti hiyo kwenye kiti, ikiwa na miwani ya jua na gazeti mkononi. Mama mmoja Mbelgiji alizimia. Alipozinduka aliomba apigwe picha nayo.

Mahekalu yenyewe Shadhili hakuyajua. Kom Ombo alikuwa ameipita mara nyingi kuliko jogoo wa Kom Ombo, wala hajaikanyaga, kwa sababu wageni wanaposhuka kwenda kutazama mawe ndipo vyumba vinaposafishwa.

Umaarufu una adhabu yake. Siku za mkewe Wajida kujifungua zilipokaribia, Shadhili alikwenda kwa msimamizi wa vyumba, Ustadhi Fikri, kuomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Ustadhi alimkaribisha chai, jambo lililokuwa dalili mbaya.

"Mwanangu," alisema, "wageni wanaandika jina lako wewe, wala si la nahodha. Wewe ni nguzo ya meli hii. Nani anang'oa nguzo msimu umejaa?"

"Nguzo ina mke, ustadhi."

"Mke wa nguzo atakuwa na subira, inshallah."

Basi binti yake Nawara alizaliwa meli ikiwa Aswan, na baba mtu alipokea habari akiwa ndani ya beseni la kuogea, akilisugua. Leo ilikuwa siku ya saba, siku ya subu, sherehe ya kumkaribisha mtoto duniani. Huko Esna, nyumba ya ukoo ilishajaa wanawake. Mtoto angewekwa ndani ya chekeche, mama yake amruke, mama mkwe agonge kinu cha shaba ili mtoto azoee kelele za dunia. Na leo hii, kwa kejeli ya ratiba, Malkia wa Tiba ilikuwa inapita Esna.

Hakuna meli inayopita Esna kwa kiburi. Zote huingia kwenye lango la maji, sanduku refu la mawe lisiloacha nafasi pembeni hata ya mkono. Malango yanafungwa nyuma, maji yanajazwa, meli inapanda polepole kama ndoo kisimani mpaka iwe sawa na mto wa juu. Mpango wa Shadhili ulikuwa rahisi. Mlango wa chini ukifika usawa wa ukuta, Khalafu angeufungua, yeye angeruka, na shemeji yake Jadalla angekuwa pale na pikipiki. Baada ya sherehe angepanda gari hadi Edfu, aingie melini alfajiri pamoja na mikate. Shadhili wa pili angeshika zamu. Mpango haukuwa na kasoro yoyote, kama mipango yote kabla ya kuanza.

Mama mkwe tu ndiye aliyeutilia shaka. "Wewe utachelewa hata ukipewa mabawa," Hajati Nafusa alimwambia kwenye simu. "Usipotokea, nakuletea kinu hapo hapo langoni nigonge mpaka Wazungu wako wazibe masikio!" Shadhili alilichukua hilo kama salamu. Hajati ndivyo alivyosalimia.

Meli ilipoingia langoni, wageni wote walikuwa sitaha ya juu. Wachuuzi walishafika, wengine kwenye vimashua, wengine juu ya ukuta, wakirusha kanzu ndani ya mifuko ya nailoni.

"Mama wa kofia! Mama wa kofia! Pamba safi, mimi mwizi kidogo tu!"

"Huyo mwizi sana, Mama! Njoo kwangu!"

Huko chini Shadhili alisimama mbele ya mlango, kanzu ya sikukuu ndani ya sare, mfukoni peremende za wageni wa sherehe. Kwenye kioo cha mlango palikuwa na ukuta mtupu, mawe meusi yenye majani ya maji. Khalafu alishika komeo.

"Bado," alisema. "Ukitoka sasa utamsalimia samaki."

Ndipo waliposikia kicheko koridoni.

Wageni wawili, mume na mke, walikuwa wameshuka kuchukua fedha za kununulia kanzu, wakamkuta Shadhili wa pili. Mke alimsalimia. Mume akamsalimia. Walipogundua kuwa ni mataulo na mito, walifurahi kiasi kwamba walimleta Ustadhi Fikri mwenyewe awapige picha, wao na Shadhili.

"Shadhili," ustadhi alisema kwa sauti ya sikukuu, "geuka utabasamu, mwanangu."

Shadhili hakugeuka.

"Shadhili, wageni!" Akampiga bega kirafiki. Kichwa kikatoka, kikaanguka, kikabingirika korido nzima kikifunguka njiani, hadi kwenye viatu vya Shadhili wa kwanza.

Ustadhi Fikri alikifuata kile kichwa bila haraka. Aliitazama kanzu iliyochungulia chini ya sare, akautazama mlango, halafu Khalafu, ambaye ghafla alikuwa anaukagua mlango kama amepewa kuununua.

"Subu ya binti yangu, ustadhi," Shadhili alisema. "Nyumbani ni hapo tu. Hapo nyuma ya ukuta."

"Najua."

"Saa mbili tu, ustadhi. Wallahi nitakuwa Edfu kabla yenu."

"Mimi nina watoto wanne," ustadhi alisema kwa upole, na upole ndio uliouma. "Sikuona subu hata moja. Ukishuka hapa, shuka na virago vyako, na kitambulisho chako kitakufuata kwa posta. Sasa chagua, kanzu au sare?"

Shadhili alitazama mlangoni. Alifikiria kodi, maziwa, na Wajida akihesabu vidonge vya dawa vilivyobaki. Lakini hata angechagua kanzu, pale mlangoni palikuwa bado na ukuta.

Akafunga vifungo vya sare hadi juu.

"Vizuri. Afande!" ustadhi akamwita askari wa meli. "Keti hapa mlangoni, wachuuzi wasiingie." Kisha kwa Shadhili, "Mamba kila chumba cha chini, kabla wageni hawajashuka. Wenye meno."

Vyumba vya chini viko karibu na maji. Madirisha yake hayafunguki, na kwa nje ni vioo vinavyomrudishia mtazamaji sura yake. Shadhili aliingia chumba cha kwanza, upande wa Esna, akachukua taulo. Dirishani ukuta ulikuwa unashuka taratibu, jiwe baada ya jiwe. Kutoka juu spika ilileta sauti ya mwongozaji, akiwaeleza wageni kwamba watu wa kale wa Esna walisadiki kuwa mungu mwenye kichwa cha kondoo ndiye aliyefinyanga watoto wote kwa udongo. Shadhili alifinyanga mkia.

Akasikia kinu.

Hakikuwa kinu chochote. Kilikuwa na ufa, kikilia *kang* kisha *keng*, na kiligongwa kama kina deni. Duniani kulikuwa na mwanamke mmoja tu aliyegonga namna hiyo. Taulo likamtoka mkononi.

Ukuta uliendelea kushuka. Ukafika mwisho, ikaingia mistari ya jua, halafu miguu. Kandambili za Jadalla. Viatu vya sherehe vya mashangazi. Miguu mipana ya Hajati Nafusa, na katikati yake kinu. Kisha, pale pale ukingoni, usawa wa pua yake, chekeche.

Nawara alikuwa ndani yake, amefungwa kitambaa cheupe, nafaka zimetawanywa pembeni. Kati ya uso wake na uso wa baba yake palikuwa na kioo na upana wa mkono. Alikuwa macho. Alikuwa na nyusi za Jadalla, maskini.

Wajida aliinua pindo, akamruka. Akarudi, akamruka tena. Midomo ya Hajati ilikuwa wazi, na Shadhili hakuhitaji kusikia, maana maneno hayo kila mtoto wa Esna hupigiwa sikioni: Msikilize mama yako! Usimsikilize baba yako!

"Mimi hapa!" Shadhili alipiga kioo kwa kiganja. "Wajida! Mimi hapa!"

Huko juu wageni walidhani ni sehemu ya ratiba. Walishangilia. Mfuko wa kanzu ulirushwa ukamkosa shangazi kidogo, naye akaurudisha kwa matusi. Wajida aligeuka, akatazama dirishani moja kwa moja, machoni mwa mumewe. Akasogea karibu. Akarekebisha mtandio wake, akafuta wanja uliomwagika kidogo chini ya jicho, akageuka.

Malango ya mbele yalifunguka. Meli ikatetemeka, ikaanza kwenda.

Fremu ya dirisha ilimla Jadalla kwanza, kisha mashangazi. Chekeche lilipofika pembeni Shadhili alikwisha kuwa koridoni, ufunguo wa vyumba vyote mkononi, akikimbia kuelekea nyuma ya meli. Chumba cha pili. Akavuta pazia, na Nawara akaja tena kutoka upande wa kushoto, akapita, akatoka upande wa kulia. Koridoni. Chumba kingine, akaruka sanduku la mgeni, na safari hii Wajida alikuwa amempakata, kitambaa kimefunuka, mkono mdogo umetoka nje. Koridoni. Askari alisimama, akafungua mdomo, akaufunga, akageukia mlango wake. Chumba kingine. Kingine. Kila dirisha lilimpa mtoto na kumnyang'anya, na meli, ambayo siku zote huondoka langoni kama mzee mwenye baridi yabisi, leo ilikuwa na haraka.

Mlango wa mwisho aliufungua kwa bega. Ulikuwa wa stoo ya mashuka.

Stoo haina dirisha. Shadhili alisimama gizani kati ya rafu, akihema, na kinu kikamfikia kupitia chuma cha meli, *kang*, *keng*, kikififia.

"Shadhili!" Sauti ya Ustadhi Fikri ilikuwa inakuja na korido. "Nani kafungua milango yote hii? Mamba wako wapi?"

Mikono ya Shadhili ilishachukua taulo bila kumuuliza. Ilikuwa imelikunja likawa duara dogo juu na mwili mfupi chini, ikalizungushia jingine kwa nje, ikalibana vizuri shingoni. Alikiegemeza begani kile alichokifinyanga, na pale gizani akawa anakipigapiga mgongoni, polepole, kama mtu anayesubiri mtoto acheue.