Njia Iliyopita Nyuma ya Vyoo

Siku ile mjinga alikuwa Muhamood, na ukimuuliza leo hatakuficha. Atakwambia mwenyewe, huku akicheka, kwamba akili alikuwa nayo, tena nyingi, ila aliamka nayo imeelekea upande usiofaa.

Kisa chenyewe ni cha baiskeli. Februari ya mwaka 2015, vumbi likiwa limepanda mpaka kwenye kope za watu, alifika Bwera, mji wetu wa mpakani, mwanamke wa Kampala aitwaye Gorret. Kazi yake ilikuwa kuwatafutia wageni njia za kuendesha baiskeli. Si za lami, bali za changarawe na udongo, zinazokatiza msitu na kufuata mito. Wageni hao makwao wana magari, lakini hupanda ndege waje kutokwa jasho huku kwetu. Gorret alitaka njia ya siku moja kutoka Bwera hadi Kasese kupitia bonde la mto Nyamugasani. Akiipenda, makundi yangekuja kila kiangazi, na aliyeionyesha ndiye angekuwa kiongozi wao. Asipoipenda, angewapeleka Fort Portal, na Bwera ingebaki na malori yake.

Kwa Muhamood hilo halikuwa jambo la mzaha. Miaka kumi na minane alibeba mizigo kwa baiskeli kutoka kituo cha mpakani cha Mpondwe: vitenge, sabuni, betri, chochote ambacho mwenyewe hakupenda kionwe na watu wa ushuru. Wenzake wakipita barabara kuu, pale Kikorongo walisimamishwa na kupekuliwa mpaka soksi. Yeye alipita bondeni. Kisha zikaja pikipiki, mizigo ikahama, na kwa miaka mitatu Muhamood akawa mtu wa kukaa kibarazani akitania wapita njia, mapaja yakilegea kama muhogo uliochemshwa. Kuendesha baiskeli kwenye njia mbaya ndilo jambo pekee alilolijua kuliko watu wengine wote, na dunia ilikuwa imeacha kulihitaji. Sasa dunia imemtuma mwanamke kuja kuliulizia! Akaapa kwamba njia hiyo haimponyoki.

Wakatoka alfajiri, watatu: Muhamood juu ya chuma chake cheusi, Gorret juu ya baiskeli nyepesi yenye matairi manene, na nyuma yao Fidèle, fundi wa baiskeli kutoka Kasindi, ng'ambo ya mpaka.

"Afande, wewe fuata mimi tu," Muhamood alisema. Alimwita afande kwa sababu Gorret alikulia kambi ya jeshi alikokuwa baba yake, na Kiswahili chake chote kilitoka kama amri.

"Songa mbele! Wacha maneno!" akajibu Gorret, lakini alitabasamu.

Na njia ilikuwa nzuri, tusidanganyane. Baada ya Kisinga waliingia chini ya miti iliyofumana juu kama paa, mto ukinguruma upande wa kulia, kima wakiwasindikiza matawini. Udongo ulikuwa mgumu, mteremko wa kiasi, kona tamu. Gorret alipiga picha mpaka akachoka. Kila walipofika njia panda, Muhamood alichagua bila kusita, na kila mara alichagua ile nyembamba zaidi.

Jua lilipopanda, Fidèle akamkaribia.

"Muzee, batu ba huku beko wapi? Tangu asubui sijaona hata mutoto moja."

"Ndiyo uzuri wake!" Muhamood akajipiga kifua. "Huku hata inzi hakuoni. Uliza mtu yeyote kama ametuona."

"Nitauliza nani sasa?" akasema Fidèle.

Kufika saa sita chupa zote zilikuwa kavu. Mto ulikuwa hapo hapo, lakini mvua ya mlimani ilikuwa imeugeuza rangi ya chai ya maziwa, na chai yenyewe haikuwepo. Mwiba wa tatu ukaingia tairi la Gorret, na Fidèle akanyoosha mikono kuonyesha kwamba viraka vimekwisha. Gorret akaketi juu ya jiwe.

"Duka iko wapi?"

"Duka?"

"Ee, duka! Maji, chai, chapati. Wageni yangu watakula nini, majani?"

Muhamood akazipitia kichwani kilomita zote za nyuma na zote za mbele. Duka hakuna. Kisima hakuna. Hata baraza la kuegemea hakuna. Ndipo, kutoka juu ya ukingo, nyuma ya migomba, ikasikika sauti ya mwanamke akimtukana mbuzi.

Sauti hiyo aliijua. Aliijua miaka mingi. Hatua mia mbili kutoka pale walipoketi palikuwa na kijiji kizima, na Muhamood alikijua kwa vyoo vyake: cha bati lenye tundu, cha mlango wa gunia, cha nyasi kilichoinama kama mlevi. Mbele ya kijiji hakuwahi kupaona. Vivyo hivyo vijiji vyote vya bonde lile. Alikuwa ameleta mgeni kuonyeshwa nchi, akamtembeza nyuma ya vyoo, kisha akajisifu kwamba hakuna aliyewaona.

"Simu haishiki," Gorret alisema akiinua simu yake juu. "Ikishika tu, naita gari. Imetosha."

Hapo Muhamood akajua mambo mawili. Kule juu kuna maji. Na kule juu simu inashika. Angeweza kusema hakuna mtu karibu, wajikokote hivyo hivyo, labda kiu ingesahaulika wakiona Kasese. Uongo wa namna hiyo alikuwa ameubeba barabarani mara nyingi, tena mzito kuliko huo. Lakini alitazama midomo ya mwanamke yule ilivyopasuka, akaona haya. Akainama, akaitwaa baiskeli ya Gorret, akaiweka begani.

"Nimekosea, afande. Maji iko juu. Twende."

Ukingo ule haukuwa wa kupanda na mzigo. Udongo ulimomonyoka chini ya ndara zake, na pedeli ikamchoma mbavuni. Fidèle, aliyekuwa akisukuma baiskeli mbili nyuma yake, alimwomba wapumzike. Hakupumzika. Alijua akiketi, moyo nao utaketi. Akauma meno, akahesabu migomba, mmoja baada ya mwingine, mpaka akatokea kwenye choo cha bati. Na kwa mara ya kwanza maishani mwake, badala ya kukizunguka, akaenda mbele ya nyumba.

Uani alikuwepo mwenye sauti ile, mjane mmoja, Feresita, akigeuza kahawa juu ya mkeka. Kabla hajaitikia salamu, mbwa mkubwa mwekundu akachomoka chini ya ghala. Gorret akapiga yowe. Mbwa akampita, akampita Fidèle, akamrukia Muhamood na kuanza kumlamba mikono.

"Toka wewe! Utaniharibia udhu!" Muhamood akarudi nyuma, mikono juu kama aliyekamatwa.

Feresita akaacha kahawa yake.

"Huyu mbwa aliuma katekista," akasema polepole. "Aliuma mpaka mukwe wangu. Wewe anakulamba?"

Mbwa akatikisa mkia.

"Samaki mkavu, mama," Muhamood akasema akitazama chini. "Kila Alhamisi nilikuwa namtupia, asibweke."

"Kumbe ni wewe! Na maharage yangu je, yenye ulikanyaga na baiskeli?"

"Mara mbili tu, mama."

"Mara tano! Nililala na panga mulangoni, mimi, mwaka muzima, nasema leo namupata!"

Alifoka hivyo huku akichota maji mtungini, kwa maana ugomvi ni ugomvi na mgeni ni mgeni. Wakanywa. Akaleta chai ya tangawizi na ndizi za kuchoma. Kutoka uani pale bonde lote lilionekana, msitu na mto na vilele vya Rwenzori vikiwa vimevua mawingu, na watoto wa jirani wakaja kubonyeza matairi manene kwa vidole. Gorret akatazama yote hayo. Kisha akatoa simu, na simu ikashika.

"Afande, ngoja," Muhamood akasimama. "Kutoka hapa tunapita mbele ya nyumba. Msituni tunaingia, kijijini tunatoka, msituni tena. Kabla ya jua kuzama uko Kasese, na kila saa unakunywa kitu. Baiskeli yako nabeba mpaka tupate fundi mwenye viraka."

"Hapana. Mimi nilitafuta kiongozi, kumbe nimepata mutu ya magendo!"

"Miaka kumi na minane, kisha magendo niliacha. Miguu haijaacha."

"Njia yako ni ya kukimbia watu. Miaka yote hiyo, mbele ya nyumba hata moja hujawahi kufika. Wageni yangu wanataka watu!"

"Nyumba ya kwanza baada ya hapa ina bati la bluu, mbwa wawili, mzee anayekohoa. Ya pili ina mizinga ya nyuki. Ya tatu—"

"Unazijua kwa mugongo!"

"Mgongo na uso ni vya nyumba hiyo hiyo, afande! Nitazunguka tu!"

"Mimi nataka mutu anajua watu wa hapa wanakaa wapi," Gorret akasema, kidole tayari juu ya simu. "Si mutu alikuwa anawakwepa."

Feresita akaweka birika chini kwa kishindo.

"Mutoto wangu, kijiji hiki iko na nyumba makumi tatu. Huyu amezikwepa zote miaka kumi na minane, na mimi na panga yangu sikumupata hata siku moja. Sasa niambie, utakwepaje nyumba yenye hujui iko wapi? Weka simu, chai yako inapoa."