Mguu Ulionitangulia Jimu

Usiku wa kuamkia leo niliota mguu wangu wa kushoto umenitangulia kwenda jimu. Kuondoka kwake hakukunishangaza. Kilichoniudhi ni kwamba haukuaga.

Nijitambulishe kwanza, maana ndoto ya mtu usiyemjua ni kama nguo isiyo na vipimo. Naitwa Devota, fundi wa sare za shule hapa Morogoro, na nina miaka hamsini na minne. Mwezi wa pili nilipigwa na kiharusi kidogo. Mdomo ulirudi sawa, mkono ukafuata, ila mguu wa kushoto ulibaki nyuma, unaburuzika. Bwana Shukuru, mtaalamu wa viungo pale hospitali, alinieleza bila kuzunguka: "Mama, huu mguu una miezi mitatu ya kujifunza upya. Usipoufanyisha kazi utazoea uvivu, na hapo hata mimi sitauweza." Nami cherehani yangu ni ya kukanyaga. Fundi asiye na mguu hashoni sare, anashona maneno.

Binti yangu Editha, aliyeko Dodoma, akaniandikisha kwenye jimu iliyo ghorofani, jirani na soko. Nilienda mara mbili. Vijana wa pale wana adabu mno. Walinipisha njia wameinamisha vichwa, kama wanaopisha jeneza. Nikarudi nyumbani nikatangaza kwamba mazoezi ni popote, nitafanyia sebuleni kwangu. Wifi Leokadia, dada mkubwa wa marehemu mume wangu, ambaye tunaishi naye, akawa anatandika mkeka kila asubuhi. Na kila asubuhi nikawa namwambia, "Kesho, wifi." Wiki sita zikapita.

Basi ndotoni naamka, napapasa upande wa kushoto, hakuna kitu. Hapana damu, hapana maumivu. Pale mguu ulipoanzia pamepindwa na kushonwa vizuri, kwa uzi wa rangi ya ngozi yangu. Kazi safi. Nilitamani kumjua fundi.

Naruka kwa mguu mmoja hadi uani. Wifi anafagia.

"Wifi, umeuona mguu wangu?"

"Umepita sasa hivi. Umevaa raba."

"Haukusema lolote?"

"Umeniamkia vizuri tu. Wewe ndiye hujaniamkia."

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Ukiufikia, uambie umesahau soksi."

Akanipa soksi moja. Naingia jikoni ili nipite njia ya mkato, lakini jikoni hamna jiko. Ni jimu. Mapokezini ameketi mizani, ile ya kupimia watu, amevaa miwani ya kusomea.

"Kadi ya uanachama?" akauliza.

"Iko kwa mguu."

Akafungua daftari, akapitisha kidole. "Basi mwanachama ni mguu. Wewe ni mgeni wake. Soma sheria, kisha uingie."

Ukutani pameandikwa sheria moja tu, kwa herufi kubwa: VISINGIZIO VIACHWE MLANGONI.

Nilidhani ni maneno ya kupamba ukuta. Mizani akanisogezea kikapu. "Tunangoja," akasema.

Nafungua mkoba, na kweli vimo. Natoa kimoja kimoja. Mvua ya masika, iliyokwisha kulowesha kila kitu mkobani. Goti la kulia, ambalo halijawahi kuniuma. Sare za darasa la kwanza, ambazo hakuna atakayezihitaji hadi Januari. Joto, lililofungwa kwenye gazeti. Mizani anavipima, anaandika, anavipanga kwenye rafu pamoja na viatu vya watu.

Kimoja kikakataa kutoka. Nikakivuta, kikang'ang'ania bitana ya mkoba kwa kucha.

Mizani akachungulia. "Ah. Hicho si kisingizio. Huo ni woga. Unaogopa kuanguka mbele za watu."

"Ndiyo," nikasema. Sijawahi kumwambia mtu yeyote jambo hilo, na sasa namwambia mizani.

"Woga unaruhusiwa kuingia. Ila uvae raba."

Akatoa kwenye droo ya meza raba ndogo mno, za kutosha kitoto kichanga. Woga ukaruka kutoka mkobani, ukazivaa wenyewe, ukafunga kamba, ukanifuata nyuma bila kelele. Wala haukuwa mkubwa kama nilivyofikiri. Kimo chake ni cha birika.

Mguu wangu naukuta juu ya mashine ya kukimbilia. Unatembea polepole, peke yake, na vijana wanne wamesimama wanaupigia makofi. Mmoja anaufuta jasho kwa taulo lake mwenyewe.

"Twende nyumbani," nauambia.

Mguu unaongea kupitia goti. Sauti yake ni nzito kidogo, sauti ya mtu aliyenyamaza muda mrefu.

"Siji."

"Nimekukosea nini?"

"Wiki sita umenifunika kanga. Mteja akija unamwambia, 'Huu umeshakufa.' Nasikia, Devota. Mimi ni mguu, siyo kiziwi."

"Ulikuwa utani."

"Utani unahitaji meno. Mimi nina vidole tu."

Vijana wakaangalia pembeni, kwa adabu ile ile. Nikaona aibu, nikaupa soksi. Haukuipokea.

"Hata nyumbani ungefanya mazoezi," nikasema. "Mkeka upo, na wifi anautandika kila siku."

"Nyumbani kuna Kesho. Mazoezi yote unampa yeye. Mimi nitapata nini?"

"Kesho yupi?"

Mguu ukanitazama, kwa namna goti linavyoweza kumtazama mtu. "Panda," ukasema.

Napanda. Mkanda wa mashine unaanza kwenda, na huu hauzunguki pale pale. Unakwenda kweli. Unapita chini ya ukuta, unateremka ngazi, unakatiza sokoni katikati ya nyanya. Wauza mchicha wanainua matenga yao ili tupite, na mmoja ananiuliza lini sare ya mwanawe itakuwa tayari. Namwambia kesho. Mguu unaguna. Woga umeshika pindo la gauni langu kwa mikono miwili. Kisha mkanda unasimama, na tuko sebuleni kwangu.

Kwenye kochi ameketi mwanamume mkubwa ajabu. Mabega yake yamejaa kochi lote la watu watatu. Shati limempasukia mikononi, kifua kimetuna kama magunia mawili yaliyolazwa. Akajaribu kusimama kwa heshima, kichwa kikagonga dari, akakaa tena.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Kesho."

"Unaishi humu?"

"Tangu wiki ya kwanza. Ulisema, 'Kuchuchumaa mara ishirini, kesho.' Mimi nikiitwa naitika. Nikachuchumaa. Ukasema, 'Kuinua mguu, kesho.' Nikainua. Ukasema utatembea hadi kanisani na kurudi, kesho. Nikatembea humu humu sebuleni, nikizunguka meza, maana mlangoni sipiti tena."

Kweli asingepita. Nikatwaa futi yangu ya kupimia nguo, nikaizungusha kifuani pake, ikaisha kabla kifua hakijaisha. Nikamwambia shati lile halishoneki, nitamkatia jingine. Akashukuru. Ni mtu mwenye adabu huyu Kesho, na amechoka, uchovu ule wa kuonekana hata kwenye masikio.

"Sikulaumu, mama," akasema. "Ila nguvu zote hizi zilikuwa zako. Nimejaribu kukurudishia. Nimejaribu kuzivua kama shati, hazivuliki. Nikiendelea hivi nitajaa nyumba nzima, na wewe utahamia uani."

"Nifanyeje, mwanangu?"

"Nipunguzie. Hata kimoja tu. Anza na hiki."

Akaingiza mkono nyuma ya kochi, akatoa kifurushi kidogo kilichofungwa kwa kitenge. Kilikuwa kama mkate. Lakini kukiinua ilimbidi atumie mikono yote miwili, na mishipa ya shingo ikamsimama.

"Katika vyote ulivyonipa, hakuna kizito kama hiki. Kinanivunja mgongo."

"Ni nini?"

"Siku yako ya tisa hospitali. Wifi yako alikuwa anakulisha uji kwa kijiko. Unamwagika, anafuta, anakulisha tena. Ulitaka kumwambia asante, mdomo haukuwa sawa. Ukasema moyoni, nitamwambia kesho."

Nilikumbuka.

Mimi na wifi Leokadia hatukupatana tangu siku niliyoolewa. Aliwahi kusema mbele ya ukoo mzima kwamba chapati zangu zinafaa kuezekea banda. Nami nilisema maneno yangu, siwezi kuyarudia hapa. Lakini alilala siku kumi na saba kwenye sakafu ya wodi, kando ya kitanda changu, mtu wa miaka sitini na miwili, na asubuhi alikuwa akinyoosha mgongo wake kwa kushika dirisha, akidhani sijaamka. Mdomo wangu ulipopona, neno la kwanza niliulizia cherehani.

Kesho akakiweka kifurushi mapajani mwangu. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, sijui tangu lini. Uzito ule ulikuwa wa gunia la mahindi.

"Simama nacho," akasema.

"Kwa mguu mmoja?"

Mguu wangu, uliokuwa umeegemea mlango, ukakohoa. "Hicho hata mimi kinanihusu," ukasema. "Ule uji ulishuka mpaka kwangu."

Ukaja, ukavua raba, ukafumua ule mshono mzuri, ukajishona mahali pake kwa mishono mikubwa ya haraka, kama fundi anayesubiriwa na mteja mlangoni. Nikauvalisha soksi. Safari hii haukukataa.

Wifi akaingia na ufagio. Hakumshangaa Kesho hata kidogo. Alimwambia tu ainue miguu apafagie. Kisha akaniona nahangaika kuinuka, akauegemeza ufagio ukutani.

"Nitakuhesabia," akasema. "Ukijihesabia mwenyewe utajipunja."

Nainuka. Mguu wa kushoto unatetemeka wote, kuanzia nyonga hadi kidole kidogo, lakini uko chini yangu.

"Moja," anasema wifi.

Nakaa. Nainuka.

"Mbili."

Ya tatu, kifurushi kinaanza kupungua. Nakisikia mkononi, kama gunia linalovuja. Kesho naye anapungua. Ya tano, kochi linaanza kuonekana pembeni yake. Ya saba nataka kukaa nisiinuke tena, na woga unavua raba zake, unaniwekea chini ya kisigino zisaidie kuzuia nisiteleze. Ya nane, Kesho ni mtu wa kawaida, mwembamba, shati limempwaya. Ya kumi anasimama, anapita mlangoni bila hata kuinama.

"Asubuhi njema, mama," anasema, na alipokanyaga uani kukawa kumepambazuka.

"Kumi na moja," anasema wifi.

Kifurushi sasa ni chepesi, kitenge kitupu na kitu kidogo ndani yake. Nafungua fundo. Nafungua mdomo.

"Wifi..."

Nikaamka.

Jua lilikuwa limeshafika kwenye mto. Miguu yote miwili ipo. Niliihesabu mara mbili kwa uhakika zaidi. Wifi Leokadia alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai yangu, amekunja uso kama mtu aliyesahau kilichomleta.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba." Hakuingia. "Wifi, hebu nikuulize. Kumi na moja ya nini?"

"Kumi na moja?"

"Sijui! Nimeamka nayo mdomoni. Nimepiga mswaki, nimechemsha chai, nimesali, haitoki. Kumi na moja, kumi na moja. Kama kitu kilichoishia njiani."

Niliteremsha miguu sakafuni. Nikashika ubao wa kitanda, kisha nikauachia. Nikainuka.

"Kumi na mbili," akasema wifi Leokadia, akashusha pumzi ndefu, akajishika mdomo.

Tukatazamana.

"Asante, wifi," nikasema.

"Ya nini?"

"Ya uji."

Akakiangalia kikombe alichoshika. "Hii ni chai."

"Najua."

Akasimama kidogo pale mlangoni. Halafu akaingia, akakaa ukingoni mwa kitanda changu, akainywa ile chai yangu yote, polepole, bila kunitazama.