Boha Iliyoinua Nyumba ya Yudith

Usiniambie hukuona. Rubeni alipitishwa sokoni Mlalo, mikono imefungwa kwa kamba ya katani, mzigo wake wa kuni ukiwa kichwani kama ushahidi. Nawe ukainama kufunga kamba za viatu, hali umevaa ndala.

Mkewe, Yudith, hakuinama. Alirudi nyumbani akakamua miwa. Shamba lilingoja jembe, mwenye jembe yuko mahabusu, na majirani hawaji msaragambo kulima shamba la mtu bila boha, pombe yetu ya miwa. Kuichachusha ilikuwa kazi ya Rubeni. Yudith alijua tu kwamba ndani ya pipa hutiwa tunda kavu la mwegea, lililobeba chachu ya pombe zilizopita. Akatia la Rubeni. Mama mkwe wake, Beatha, bila kuuliza, akatia la marehemu mumewe, refu kama mguu wa mtoto.

Kulipokucha povu lilikuwa limefika mlangoni. Hashimu, jirani asiyekunywa pombe lakini ajuaye habari zake zote, alichungulia dirishani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akaitikia Beatha.

"Shemeji Yudith, umeifunga?"

"Nimekandamiza mfuniko kwa jiwe la kusagia."

"Usiikabe hivyo, pombe ya namna hii huachiwa ipumue. Fungua, igawe mapipa mawili, zungushia magunia mabichi ipoe."

"Na wewe mswalihina nani kakufundisha?" Beatha akamchokoza.

"Mimi nafunga, mama. Pua haifungi."

Walikuwa wamechelewa. Hewa ya pombe ilijaa chini ya bati, nguzo zikatoka ardhini moja moja kama muhogo unavyong'olewa, nyumba ikapanda. Hashimu aliiwahi kwa kamba ya mbuzi, akaifunga kwenye mparachichi. Ikasimama juu ya vilele vya miti. Beatha aliendelea kuchagua maharage, akasema huku juu kuna baridi, apewe kitenge.

Yudith akatazama nje. Kando ya barabara msitu ulikuwa safu chache za miti, kama pazia. Nyuma ya pazia, mgongo mzima wa mlima ulikuwa kipara: visiki vya miti mikubwa ya mikulo, mbao zimepangwa zikifunikwa turubai, na malori yakipakia. Rubeni alishtakiwa kwa mzigo wa matawi makavu.

Wapiga jembe walipomaliza shamba walipanda kwa ngazi kunywa. Kila mmoja alitazama dirishani. Wakasifu boha.

Bwana misitu, Nikodemo, naye akapanda, akavua kofia.

"Mama, nyumba yako imesimama juu ya hifadhi. Una kibali?"

"Karibu kwanza, bwana misitu," Yudith akasema. "Tazama pale. Nani kakata ile mikulo?"

Nikodemo alitazama mpaka povu la kibuyu chake likaisha.

"Rubeni."

"Rubeni ana panga moja, tena mpini umevunjika."

"Ndiyo maana kesi yake ni nzito."

"Mwanangu kamaliza mlima," Beatha akasema, macho kwenye maharage, "halafu kaniletea kuni za chungu kimoja. Mtoto mvivu huyu."

Yudith hakucheka. "Waambie mahakamani ulichoona, baba, nakuomba. Hukumu inakuja, na hana shahidi."

"Nilichoona ni nyumba isiyo na kibali. Iteremshe."

Yudith akaiteremsha. Aligawa boha mapipa mawili, akaacha vifuniko wazi, akazungushia magunia mabichi na kuyamwagia maji ya mtoni. Povu likatulia. Nyumba ikashuka polepole, ikakaa pembeni ya mashimo yake ya zamani, na fundi akaja kunyoosha mlango. Siku hizi watu wakielekeza mgeni husema, "kwa Yudith, pale ilipohamia." Malori bado yanapita, na Nikodemo ndiye anayeyainulia kizuizi.

Hukumu ni kesho. Rubeni hana shahidi hata mmoja, na waliokunywa kule juu wote wameona. Wewe ndiye uliyekuwa umeegemea dirisha. Ulikunywa vibuyu viwili ukaomba cha tatu. Sasa acha kusoma. Gari la kwanza linaondoka Mlalo alfajiri. Panda, ingia mahakamani, usisubiri kuitwa. Simama useme: mikulo niliiona, malori niliyaona, na huyu siye.